Adabu ya Kope

…na kweli dari ina doa, basi Dorkasi alitazame doa hilo hilo, daktari kasema usipepese, usishushe macho mpaka nikuambie, basi hashushi, pembeni mama mkwe ameketi na kanga yake ya Jumapili, yeye ambaye kwa maneno hajambo, yeye aliyemtangaza kijiji kizima cha Mgwashi mwaka ule wa harusi, mkamwana wangu ana adabu jamani, hamtazami mkwe usoni, jioni kope zote chini, na Dorkasi akazipokea sifa, nani asingezipokea, angesemaje kwamba kope zinashuka zenyewe… "Endelea, usishushe," doa limekuwa mawili, yanaelea, yanapishana kama ukungu wa bondeni, ni kama raha kuelea hivi… kisha adabu ikageuka uvivu, bada, ugali wa muhogo tu, likamshinda kutafuna, tenga la kabichi likamponyoka lori la Dar likinguruma barabarani, na tangu biashara iwe huria lori halimsubiri mtu, mama mkwe akasema nimeletewa mzigo, Abrahamu amrudishe mkewe kwao Rangwi kabla ya Krismasi, asubuhi mzima huyu, jioni ndiyo anaugua, ugonjwa gani unaojua saa… "Ndivyo ulivyo ugonjwa huu, mama," daktari anamwambia mkwe, sauti inatoka mbali, "kinga ya mwili wake mwenyewe inashambulia pale msuli unapopokea amri. Yeye anaamuru, msuli haupokei. Akipumzika unapata nguvu, akiutumia unaisha. Dawa zipo," anaamuru, kumbe alikuwa anaamuru, miaka yote hii hakuwa mvivu, alikuwa anaamuru! na ni furaha hii, au ni hasira, hajui… kope zinaanza kushuka sasa, anazijua, angekunja paji la uso zingeinuka kidogo, ndivyo anavyodanganya kanisani, mezani, hata kwa Abrahamu, leo pia alikuja amejiandaa kushindana nazo, uaibike mbele ya mkwe?… hakunji. Zishuke. Mama azione zikishuka mchana kweupe, mwanga umebaki uzi, na ndani ya uzi ule kanga inasogea, mama anainama, anamchungulia kutokea chini, "Dorkasi," anasema, sauti yake haina nguvu, "mwanangu, hapo unajitahidi?" najitahidi, mama, anamjibu moyoni, tangu mwaka wa harusi najitahidi, na daktari bado anasema usishushe.