Vifungo vya Salfa Kichwani mwa Mama Harusi

Chupa ilipoanguka, Bibi alikuwa anahesabu rola kichwani mwa mteja: arobaini na mbili, nyembamba za waridi shingoni, nene za kijani utosini. Dawa ya kwanza ya kukunja nywele ilishafanya kazi na kuoshwa, na saluni nzima ilinuka yai viza. Iliyomwagika ni dawa ya pili. Yote, na ndiyo ilikuwa ya mwisho.

"Nimekwisha!" Mjukuu wake alikumbatia kitabu cha baiolojia. Alikuwa akisoma huku anatembea, kiwiko kikafagia rafu.

"Aliyekwisha ni mimi," mteja akasema. "Kesho saa nne naozesha binti. Semeni kweli, nitakuwa na nywele?"

Bibi alishika rola moja, akaiachia. Miaka thelathini ya ususi ilimfundisha kwamba rola zikifunguliwa kabla ya dawa ya pili, mawimbi hayakai, na nywele ukizigusa kwa kitana zinakatika. Kwa nini, hakuwahi kuambiwa. Na Jumapili hii duka la vipodozi lilikuwa limefungwa.

"Bibi, hiyo harufu!" Mjukuu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Ni salfa! Nywele ni protini, nyuzi za asidi amino zilizojisokota, zimelala ubavu kwa ubavu. Zinashikwa na vifungo. Vya haidrojeni ni dhaifu, maji tu yanaviachisha."

"Ndiyo maana ukizipiga pasi, ukinyeshewa zinajikunja tena?"

"Ehee! Vya salfa ndivyo sugu. Dawa ya kwanza imevikata. Sasa nyuzi zimeachana mikono, zimezunguka rola, zinangoja kushikana upya hapohapo zilipo."

"Na wa kuzishikanisha umemmwaga sakafuni," mteja akasema.

Mjukuu aliokota chupa tupu, akaisogeza dirishani. "Haidrojeni peroksaidi, asilimia mbili. Bibi, ile unayochanganyia rangi ina nini?"

Mkono wa Bibi ulishafika rafu ya chini. Alivaa miwani, akasoma kwa kidole, herufi moja moja. "Jina lilelile! Miaka yote hii zimekaa rafu mbili, kumbe ndugu! Lakini hii ni asilimia sita, mwanangu. Itambadilisha rangi."

"Tukiipunguza je? Kipimo kimoja, maji vipimo viwili..."

"Sita gawanya kwa tatu," Bibi akamalizia. Hesabu za darasa la saba hazikuwa zimemtupa.

Alipima kwa kikombe cha plastiki, mara mbili. Hakukurupuka: alilowesha rola moja tu, ya nyuma ya sikio, akakodolea macho saa ya ukutani. Dakika kumi.

"Mbona kimya? Mnanizika?" mteja akauliza.

Bibi alifungua ile rola. Msokoto wa nywele ukaruka, ukajikunja pete nzuri, mweusi vilevile. Akauvuta, akauachia, ukarudi. Akauvuta tena.

"Vimeshikana! Njoo uone, vimeshikana!"

Mjukuu alipiga makofi, mteja akadai kioo, na Bibi akamimina dawa kwenye rola arobaini na moja zilizobaki.

"Sasa nisomee tena hapo pa vifungo," akasema. "Polepole, nisikie vizuri. Na ukae kitako!"