Uso Uliosafishwa

Lilibaki paji la uso. Mashavu Isabela alikwisha kuyamaliza, yakawa laini kama andazi lililoumuka. Akasogeza kile kiduara cha brashi juu ya mstari wa kwanza, akabonyeza, na kompyuta ikachukua ngozi ya jirani ikaufunika. Mstari ukaenda zake. Akabonyeza wa pili.

Kazi hii Masasi inaitwa kusafisha. Studio yake ipo Mkomaindo, karibu na hospitali. Wengi huja kupiga paspoti, lakini wapo wanaoleta picha zao kama nguo za kufuliwa: mwanafunzi anataka chunusi zitoke, bibi harusi anataka itolewe kamba ya nguo iliyoonekana nyuma yake, padri hamtaki mbuzi aliyepita wakati anabariki. Mwalimu mmoja alitaka mume waliyeachana atolewe kwenye picha ya Pasaka. Isabela alimtoa, akasahau kiwiko, na kile kiwiko kilimrudisha mwalimu studio mpaka wakachoshana.

Picha ya leo haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya kwake. Aliipiga Newala siku ya Idi, kwenye baraza la mama yake. Alitegesha kamera, akakimbia kwenda kukaa. Kushoto Upendo, binti yake. Kulia yeye mwenyewe. Katikati mama yake, Bimdogo, kwenye gauni la zambarau, na nembo zake za Kimakonde usoni kama alivyochanjwa akiwa msichana. Picha hiyo ndiyo ingewekwa kwenye bango la sendofu ya Upendo, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Wakwe walikuwa wanatoka Dodoma.

Hakuna aliyemwambia azifute nembo. Ila alipoituma picha kwenye kundi la simu la kamati ya sherehe, mtu mmoja aliandika kwamba Bibi ana ramani usoni, wageni hawatapotea njia. Wakacheka. Isabela naye aliweka alama ya kucheka. Kisha akaifuta picha kundini na kwenye simu, akafungua kompyuta, akajiambia kuwa ni mwanga tu anarekebisha.

Alipomaliza, mama yake alikuwa mwanamke mzuri wa mahali popote. Akaihifadhi picha juu ya ile ya awali, kama alivyozoea, kisha akafuta kadi ya kamera maana kulikuwa na foleni ya paspoti.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya sendofu, Abdulrazaki wa mabango alilileta nyumbani. Walilitandaza sebuleni, likafunika ukuta mzima. Abdulrazaki alisimama akilitazama, akauliza huyu mama wa katikati ni shangazi yake wa wapi. Isabela akamwambia ni mama yake mzazi.

"Ahaa," alisema Abdulrazaki, na hakuuliza tena. Alikuwa Mmakonde wa Kitangari. Mabibi wa huko aliwajua kwa nembo zao.

Bimdogo alifika na basi la mchana. Upendo alikwenda kumpokea stendi, akarudi amembebea kikapu cha korosho zilizobanguliwa kwa moto wa nyumbani. Vidole vya bibi vilikuwa bado vyeusi kwa ile kazi, maana weusi wa korosho hautoki kwa sabuni, unatoka unapotaka. Sebuleni alikuwemo Faidha, mwenyekiti wa kamati, amekalia mkono wa kochi. Alisimama kwa heshima.

"Shikamoo Bibi. Njoo ujione. Umekuwa msichana."

"Marahaba." Bimdogo hakukaa. Alijifunga kanga vizuri, akalisogelea bango, akatazama kwa muda. Isabela alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Kutoka pale aliziona nyuso mbili kwa pamoja, ile ya ukutani na ile ya mwenyewe.

"Huyu ni Sikudhani," alisema Bimdogo.

Faidha akauliza Sikudhani ndiye nani.

"Mdogo wangu. Surua ilimchukua kabla hajachanjwa nembo. Hatukuwa na picha yake hata moja." Aliinua kidole cheusi, hakukigusisha kwenye bango. "Mmemkuza vizuri. Mmempa na gauni langu."

Faidha alicheka, akidhani ni utani wa kibibi, kisha kicheko kikamfia mdomoni.

Bimdogo akamgeukia binti yake. "Na mimi mmeniweka wapi?"

Alisema kwa Kiswahili. Tangu Isabela ajue kusema, mama yake alizungumza naye Kimakonde. Kwa Kimakonde alimgombeza, kwa Kimakonde alimtuma kisimani, kwa Kimakonde alimzika mumewe akiwa na Isabela pembeni. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha hospitali, cha wageni. Isabela aliliweka chini lile sinia. Akasema kamera wakati mwingine inafifisha. Uongo huo hata yeye mwenyewe aliusikia.

"Kamera," alisema Bimdogo, na akatoka kwenda uani.

Aliketi kwenye kigoda, akaanza kumenya ngozi nyembamba ya korosho zake. Upendo alipomfuata, bibi alimweleza kwa upole kwamba kesho atapanda basi la asubuhi arudi Newala. Nyumba hii ina bibi tayari, tena mzuri. Wakwe wakikuta wawili watachanganyikiwa. Na Upendo alikwisha kusema tangu mwanzo, mbele ya kamati nzima, kwamba wa kumshika mkono kuingia ukumbini ni Bibi, na Bibi asipokuwepo hataingia.

Upendo alirudi ndani, akamkuta mama yake anapanga vikombe ambavyo havikuwa na haja ya kupangwa.

"Mama, ulimfanya nini Bibi?"

"Nilimsafisha tu. Kila mtu anasafishwa. Hata wewe nilikutoa kipele."

"Kwani alikuwa mchafu?"

Upendo hakupaza sauti. Laiti angepaza. Isabela akachukua funguo za studio.

Alijua la kufanya, au alidhani anajua. Atazichora nembo upya. Mtu anayeweza kumjengea mteja sikio lililokatwa na fremu hashindwi na mistari. Alifungua picha, akakuza uso, akachagua rangi nyeusi inayoelekea bluu, akashika kipanya. 

Shavu la kulia lilikuwa na mistari mingapi? Zile pembe zilielekea sikioni au mdomoni? Kwenye paji kulikuwa na kitu kama mshale, au ilikuwa vidoti? Alichora kitu, akakifuta. Akachora kingine, kikawa kama namba ya gari. Shavu lile ndilo lililomgusa kabla hajajua jina lake mwenyewe, na sasa alilitazama kama mtoto mbele ya mtihani asiousomea.

Alifungua simu atafute picha nyingine. Zilikuwepo. Mama yake kwa mbali, akipepeta. Mama yake amegeuka. Mama yake kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, kivuli cha paa kimemwangukia. Alipitisha kidole picha baada ya picha, na ndipo alipoona kazi yake ya miaka yote. Brashi ilikuwa imechelewa tu. Alikuwa akimfuta mama yake tangu wakati wa kupiga, kwa kuchagua mahali pa kusimama.

 Alipoingia mteja wa paspoti, Isabela alimwambia studio imefungwa, na mlango ulikuwa wazi.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Mama yake alikuwa palepale uani, ungo umejaa. Isabela hakuchukua kiti. Alikaa chini kwenye mchanga, na sketi yake ya kazi, akamwambia kwa Kimakonde kwamba ana neno.

"Sema," alijibu Bimdogo, kwa Kiswahili.

"Mama, nimekaa kuzichora nembo zako. Nimeshindwa. Sizikumbuki."

Korosho iliyokuwa mkononi mwa Bimdogo haikumenywa.

"Umezifuta moja moja," alisema, "na huzijui."

"Sizijui."

"Uliona haya."

Isabela aliangalia mchanga. Angeweza kutaja wakwe, angeweza kutaja kundi la kamati na yule wa ramani. Yote yalikuwa kweli na hayakuwa jibu.

"Niliona haya," alisema.

Bimdogo aliweka ungo pembeni. Kisha akaugeuza uso wake upande wa kulia, akautuliza hapo. Akaugeuza kushoto, akautuliza. Akainua paji juani. Alifanya polepole, kama muuza vitenge anayemfunulia mnunuzi aliyepita mara nyingi bila kutazama. Mistari minne. Pembe zilielekea sikioni. Kwenye paji hapakuwa na mshale wala vidoti. Palikuwa na pembe tatu zilizolaliana, na ya chini ilipinda kidogo.

"Hiyo iliyopinda nilitikisika," alisema Bimdogo. "Fundi alinipiga kofi, akaendelea. Nyingine zote sikutikisika. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Sikudhani alikuwa analia nje, anataka na yeye achanjwe, wakamwambia ngoja ukue." Alijipangusa magoti. "Haya, nipeleke huko unakofulia watu."

Studioni alikataa poda. Alikaa kwenye stuli mbele ya pazia la bluu, mikono mapajani. Isabela aliwasha taa zake mbili za mbele, kama anavyowawashia watu wote, akachungulia kwenye kamera. Nembo zilikuwa zimenywea. Taa zile ndiyo kazi yake; zinajaza kila bonde la uso, ndiyo maana watu wanazipenda. Akazima moja. Nyingine akaibeba mpaka ubavuni, akaishusha sawa na bega la mama yake, akaiwasha tena.

Uso ukainuka. Kila mstari ulipata kivuli chake na ukingo wake unaong'aa, na makunyanzi yalipita katikati yao kama vijia vya shambani vinavyokwepa mashina. Isabela alikaa na jicho kwenye kamera muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hakutaka mama yake auone uso wake.

"Umelala?" aliuliza Bimdogo.

Akapiga.

Alipomfungulia picha kwenye kompyuta, Bimdogo alisogeza stuli mpaka akakaribia kugusa kioo kwa pua.  Alimwambia binti yake ampigie mtu wa bango.

Abdulrazaki alipokea kwa kelele za mashine. Isabela alieleza kwamba anaomba bango jingine leo hii, na uso mpya pale katikati, la kwanza lilikuwa na kosa.

"Kosa gani?" aliuliza Bimdogo, kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili. "Mwambie."

Isabela alibadilisha simu sikio.

"Nilimfuta mama yangu nembo," alisema.

Mashine ikazimwa. Kisha Abdulrazaki akasema ailete picha, atamtanguliza, na la kwanza asilitupe, kitambaa kile kizuri. Bimdogo alisikia.

"Wasilitupe," alisema. "Sikudhani hajawahi kualikwa popote. Wampe ukuta wa nyuma, karibu na wapishi. Alipenda kula."

Isabela alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine, akainama kushika kipanya. Kidole chake, kwa mazoea, kilikwisha kuita brashi. Kile kiduara kidogo kilikuwa kimesimama juu ya paji la mama yake, kinasubiri.

"Hicho ndicho kinachofuta?" aliuliza Bimdogo.

"Ndicho."

Isabela akauondoa mkono kwenye kipanya. Bimdogo alikitazama kiduara, kisha akanyoosha kidole chenye weusi wa korosho, akakiweka kwenye kioo, juu ya ile pembe iliyopinda, akaifuata taratibu mpaka mwisho wake. Alisema neno moja, kwa Kimakonde, neno la kumwambia mtoto akae vizuri, asitikisike.

Alipoondoa kidole, kwenye kioo palibaki alama ya mafuta na masizi. Kitambaa cha kufutia kilikuwa palepale, karibu na mkono wa Isabela, kimekunjwa. Alikichukua. Akakaa nacho mapajani, na alama ile ikaendelea kung'aa juu ya uso.