Nukta ya Pili

Ubao wa kugusa ulichelewa kuwaka, kama kawaida yake, na mwalimu wa hesabu akautumia muda huo kupangusa vumbi la saruji kwenye madirisha. Vumbi lilitoka ng'ambo ya barabara, kwenye ghala la saruji, na hata lipanguswe vipi, asubuhi lilikuwa limerudi. Ubao nao ulitoka huko huko. Kampuni yenye ghala iliutoa zawadi, pamoja na tableti za darasa la sita, na juu ya fremu ikabandika jina lake kwa herufi kubwa kuliko alfabeti yote iliyochorwa ukutani. Hakuna aliyenung'unika, maana chaki zilikuwa adimu na ubao wa zamani ulikuwa umepasuka katikati.

"Mstari hauna mwanzo wala mwisho," mwalimu alisema ubao ulipowaka. "Mwale una mwanzo, lakini hauna mwisho, ndiyo maana tunauwekea mshale. Kipande cha mstari kina vyote viwili. Nukta huku, nukta huku, basi."

Mwanafunzi mmoja wa nyuma aliuliza kama hotuba ya mwalimu mkuu ni mwale. Darasa likacheka. Mwalimu naye alicheka, ila aligeukia ubao kwanza.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Vitabu vilisema nukta ziitwe A na B, lakini yeye aliona watoto wanasahau herufi, hawajisahau wenyewe. Kwa hiyo nukta ya kwanza ilikuwa mtoto mwenyewe. Ramani ya darasa ilitokea kwenye ubao, mtoto akagusa pale dawati lake lilipo, kisha akagusa upande anaotaka mwale uelekee. Siku hiyo aliwaambia waelekeze kwa mtu wanayemngoja jioni nyumbani. Kama kuna kosa lilifanyika, ndilo hilo, na alilifanya kwa nia njema. Angekumbuka kwanza nani amekaa dawati la pili karibu na dirisha.

Miale ilitoka kwenye vifua vya watoto, myembamba na myeupe, ikapenya kuta na kwenda zake. Hilo lilikuwa limeanza wiki ile ile ubao ulipofungwa. Mfagiaji alilalamika mwanzoni kwamba inamkwaza ufagio, mpaka akaambiwa kwamba ubao ukizimwa nayo inapotea. Baada ya hapo alingoja ubao uzimwe, akafagia.

Msichana wa dawati la pili aliitwa Pensili kwa sababu alichomeka pensili nyuma ya sikio, kama mafundi. Alikwenda mbele, akagusa dawati lake, akafikiri kidogo, akagusa upande wa dirisha. Mwale wake ulitoka, ukavuka barabara, ukaingia kwenye ukuta wa ghala. Miale ya wenzake ilikuwa imekwisha kuvuka mji. Wa kwake ulisimama humo humo ghalani, na kwenye ubao, mwisho wake, ikatokea nukta.

"Umebonyeza kitufe cha kipande," mwalimu alimwambia.

"Hapana, Mwalimu. Nimebonyeza mwale."

Mwalimu alitazama. Kweli alikuwa amebonyeza mwale.

"Nukta ya pili ameiweka nani?"

"Sijui, Mwalimu. Mimi nimeelekeza kwa baba."

Baba yake Pensili alikuwa mpiga zege, na msingi wa ghala lile ulimwagwa naye akiwamo kazini. Siku hiyo hakurudi nyumbani. Nyapara alisema alimwona akichukua begi lake na kuondoka mchana kweupe, kampuni ikaandika kwamba ametoroka kazini, na mtaa ukamwongezea mwanamke, kwa sababu mtaani mwanamume hatoroki peke yake. Msimamizi wa malipo alipoulizwa haki zake alijibu kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Tangu hapo mama yake Pensili aliteka maji saa ambazo bombani hakuna watu.

Ubao ulipozimwa, miale yote ilipotea isipokuwa mmoja. Pensili alifunga mkoba akaenda nao nyumbani. Ulitoka kifuani mwake kuelekea ghalani, na kwa kuwa upande mmoja haukusogea, kila alipokata kona mstari ulifagia mtaa mzima. Fundi cherehani aliinua kitambaa ukapita chini yake. Wazee waliokuwa wakicheza bao waliinamisha vichwa bila kuacha kuhesabu kete. Muuza genge aliuliza kama unachafua mboga, akaambiwa hauchafui, akaendelea kufunga mchicha. Baada ya siku chache watu waliuzoea, na saa za shule kutoka ulisikia tu mama fulani akiwaambia wanawe, "Pisheni mstari wa Pensili."

Mama yake hakuuzoea. Siku ya kwanza ulipoingia mlangoni aliweka mkono juu yake, akakuta umekaza.

"Huu ni uzi," alisema.

Pensili alilijua hilo tangu darasani, ila hakulisema kwa kuwa haikuwa mada ya somo. Siku za likizo baba alikuwa akimchukua kwenye vibarua vidogo vidogo amshikie uzi wa kupimia ukuta. Yeye alishika huku, baba akaenda kule na kigingi. Baba akishakaza aliuvuta mara moja, kumjulisha mshikaji kwamba amefika. Kisha akapima kwa raha zake, na akimaliza ndipo aliposema, "Achia." Kabla ya hapo mshikaji haachii, hata inzi akitua puani.

Kesho yake mama hakwenda kibaruani kwake. Alimchukua mwanawe, akaweka kiganja juu ya mstari, wakaufuata mpaka geti la ghala. Kadiri walivyokaribia ndivyo ulivyozidi kuwa mfupi. Mlinzi aliwafahamu, akawaruhusu waingie bila kusaini, jambo ambalo baadaye lilimponza. Ndani, kati ya marundo ya mifuko, mstari uliinama, ukazama kwenye sakafu ya zege karibu na nguzo ya tatu.

"Hapa," mama alisema. "Mume wangu yuko hapa. Chimbueni."

Meneja alitoka ofisini na kikombe cha chai. Alikuwa mtu mstaarabu, wa kumpisha mwanamke mlangoni. Aliutazama mstari, akauzunguka, akainama kuona unapozamia.

"Pole sana, mama," alisema. "Mstari tumeuona, hatukatai. Lakini sakafu hii imebeba tani na tani. Kuivunja si mchezo."

"Sijaja kucheza, bosi. Nataka mfupa wangu nikazike. Na nataka mseme hakutoroka."

Meneja alikunywa chai kidogo. Hakumwambia mwanamke kwamba anaota wala kwamba amechanganyikiwa. Alimuuliza Pensili jambo moja tu, kwa upole, kama mjomba anayempima mpwa wake masomo.

"Huu mlifundishwa ni mstari gani?"

"Nilibonyeza mwale," Pensili alijibu, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kusema kweli.

"Ehee," meneja alisema. "Basi mwale hauishii hapa. Umepita tu chini ya sakafu ukaenda zake. Na yeye naye alipita tu hapa, akaenda zake."

Mama alisimama pale mpaka vijana wa ghala walipomwomba asogee, foklifti ya kuinulia mifuko ilikuwa inataka kupita.

Mchana wake meneja alivuka barabara na kuketi ofisini kwa mwalimu mkuu. Alizungumzia madarasa mengine ambayo bado hayana ubao. Alipoondoka, mwalimu wa hesabu aliitwa. Alikuta mkataba wake uko juu ya meza. Ulikuwa mkataba wa muda, nao muda wake ulikuwa unaisha.

"Mwalimu, ule ni mwale," mwalimu mkuu alisema. "Mtoto mwenyewe amekiri."

"Una nukta mwishoni, Mkuu. Kitu chenye nukta mbili..."

"Nukta inaweza kuwa vumbi. Si unajua vumbi la hapa? Weka mshale tu, ufundishe hivyo, yaishe. Mshale mmoja utakupunguzia nini?"

Mwalimu wa hesabu alikuwa na mama mgonjwa na wadogo zake wawili waliomtegemea. Aliutazama mkataba. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakuwahi kuajiriwa. Alisema sawa.

Asubuhi yake aliujaribu mshale kabla watoto hawajafika. Aligusa ile nukta, akachagua alama ya mshale, akaburuta. Mshale ulikubali kukaa kwenye ubao, lakini mstari haukurefuka kuufuata. Ulibaki umeishia kwenye nukta yake, na mshale ukaning'inia mbele, peke yake, ukielekea popote. Alijaribu kuifuta nukta. Programu ilimjibu kwa maandishi madogo chini ya ubao kwamba nukta hiyo haikuwekwa na mtumiaji wa darasa hili. Akauacha hivyo hivyo.

Watoto walipoketi, Pensili alikuwa mahali pake, na mstari wake umetokea dirishani kama siku zote.

"Andikeni," mwalimu alisema. "Mstari wa Pensili ni mwale."

Madaftari yalifunguliwa. Pensili akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wangu una mwisho."

"Andika mwale, mwanangu."

"Lakini nimefika mpaka kwenye mwisho wake. Mimi na mama. Nimeugusa."

Mwalimu alikuwa amepanga asimtazame, ila alimtazama. Pensili alikuwa ameshika kalamu, pensili iko sikioni, macho makavu kabisa. Hakuwa anabisha. Alikuwa anauliza, jinsi mtoto anavyomuuliza mtu mzima ambaye anajua.

"Andika mwale," mwalimu alisema tena.

Pensili aliandika. Alitaka kwenda darasa la saba. Daftari lake lilipata alama ya vema, nyekundu, sawa na ya wenzake.

Mtaani habari ilifika kabla ya saa ya chakula. Shule imethibitisha kuwa ni mwale. Basi kumbe mtu alikwenda, tena mbali. Yule mwanamke wake akatajwa upya, safari hii akiwa na watoto wawili na duka. Walioeleza haya waliinama kupisha mstari ulipowapitia, kisha wakanyooka na kuendelea pale walipoishia.

Ghalani walipaka mshale wa njano sakafuni, ukianzia pale mstari ulipozama na kuelekea mlango wa kutokea. Ulisaidia. Foklifti zilikuwa zikigongana pale kwenye nguzo, na sasa zilifuata mshale. Mlinzi mpya aliambiwa kwamba mtoto wa shule asiingie, mstari wake hauna tatizo. Mkataba wa mwalimu wa hesabu uliongezwa. Ubao wa pili ulifungwa darasa la tano, na kuanzia siku hiyo mwalimu alifundisha jiometri bila kuwaambia watoto waelekeze kwa mtu. Aliwaambia A na B. Walisahau, kama alivyojua watasahau.

Nyumbani kwa Pensili walihamisha meza. Walijaribu kila upande, wakaona ni afadhali mstari upite juu yake kuliko kupita kwenye mlango wa jikoni. Jioni mama aliporudi alianika taulo juu ya mstari, baadaye akalitoa, akasema si heshima.

Walikuwa mezani wakati mstari ulipotikisika. Pensili aliudaka kwa kiganja. Mama aliweka kikombe chini, wakangoja wote wawili. Ukatikisika tena, kisha ukawa unatetemeka mfululizo, mtetemo mzito wa chuma na matairi.

"Foklifti," mama alisema. "Wanapakua."

"Najua."

"Achia basi, ule chakula."

"Hajasema," Pensili alijibu.

Mama hakumbishia. Alimsogezea sahani upande wa mkono uliokuwa huru, akamkatia mkate vipande vidogo vidogo ili mkono mmoja utoshe.