Lupango Uliofagiliwa

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa pili, Léontine alikuwa nyuma ya nyumba akichimba mfereji wa maji ya mvua kwa jembe la kuazima. Alikuwa amefika kwenye kona ya jikoni jani la kwanza lilipoanguka. Lilimwangukia mguuni. Akaliokota, akaligeuza, akaona ukingo wake mmoja umejikunja kama pindo la kikwembe. Akalifunga kwenye fundo la kikwembe chake mwenyewe, akaendelea kuchimba, maana jembe lilikuwa la watu na jioni walilitaka.

Mvua ilikuwa haijafika, lakini ilishaanza kunusika. Kila nyumba ya mtaa ule watu walikuwa juu ya paa au chini ya ukuta. Léontine alishakandika ukuta wa upande wa mvua kwa udongo na mavi ya ng'ombe, alishapandisha mawe juu ya manjanja, yale mabati ya paa, ili upepo usiyang'oe. Manjanja yenyewe yalikuwa na matundu saba. Manne aliyaziba kwa lami na matambara. Matatu yalikuwa makubwa, yalihitaji bashe, ile turubai ya plastiki wanayogawiwa waliokimbia vita, na bashe alikuwa ameahidiwa na komite yao. Alikuwa anaingojea kwa hamu, si kwa ajili yake. Binti yake Vanessa alikuwa na mtoto wa miezi miwili, Christella, na Christella alikohoa.

Kabla ya saa sita majani yalikuwa yamejaa lupango mzima, uwanja wote wa nyumba hadi ukutani. Yalishuka polepole kutoka juu, mbingu ikiwa safi na upepo haupo. Na katika lupango ule hakukuwa na mti hata mmoja. Mwenyewe wa lupango, muzee Zacharie, mwalimu aliyestaafu, alishaukata mpera wa mwisho kwa hasira, watoto wa jirani walipozidi kupanda ukuta.

Vanessa alitoka na mtoto mgongoni, akatazama.

"Mama, avoka yetu imeanza kupukutisha."

"Nimeona. Niletee ufagio."

Mti ule wa avoka, yaani mparachichi, ulikuwa kwao, kilimani, upande wa Djugu, nusu siku kwa moto, kwa pikipiki, wakati barabara iko wazi. Marehemu Augustin, mume wake Léontine, aliupanda mwaka Vanessa alipozaliwa, na ugonjwa ulipomchukua wakamzika chini yake, hatua kumi kutoka mlangoni. Kila mwaka, mwisho wa kiangazi, mti uliangusha majani ya zamani kabla ya kutoa maua. Mwaka huu, wa nne tangu Léontine na binti yake wakimbie, uliyaangusha hapa mjini Bunia.

Muzee Zacharie alikuja na redio yake kwapani.

"Mama Vanessa, hii majani ni ya nani?"

"Ni ya kwangu, muzee."

"Ya kwako ya wapi?"

"Ya nyumbani."

Zacharie alilifikiria jambo hilo. Sheria ya lupango wake ilikuwa moja tu: mwenye uchafu ndiye anautoa. "Basi kama ni ya kwako, utafagia mbele ya salongo," alisema, maana Jumamosi ya salongo, ile kazi ya usafi ya watu wote, mkubwa wa mtaa hupita kukagua usafi wa kila mtu. Kisha akainama, akachagua majani kama thelathini mazuri, yasiyo na madoa, akaenda kuyachemsha. Tansio, presha ya damu, ilimsumbua, na majani ya avoka ni dawa.

Léontine akafagia. Na sasa tueleze vizuri, maana kule kwao kufagia si jambo la usafi peke yake. Lupango wenye mistari ya ufagio una mwenyewe. Hata kama mlango umefungwa, hata kama hamna moshi, mtu akiona mistari ile anapiga hodi akiwa bado barabarani. Lakini nyasi zikishaingia uani, wakubwa wa kijiji wanapita, wanatazama, wanasema "hawa wamehama," na msimu unaofuata shamba lako lina jembe la mtu mwingine. Kwa hiyo mwanamke wa kule anafagia akiwa na homa, anafagia siku ya matanga, anafagia asubuhi anayojifungua kama uchungu unamruhusu. Léontine alifagia hivyo kwa miaka ishirini na sita, na Bunia kwa miaka minne alikuwa anafagia vumbi la Zacharie bila raha yoyote. Siku ile alisikia raha. Alianza pale ambapo mlango wao ungekuwa, akazunguka kaburi kwa heshima, ingawa hapo kwa Zacharie palikuwa na kamba ya kuanikia nguo tu.

Asubuhi iliyofuata majani yalikuwapo tena, akafagia tena. Siku ya nne maua madogo ya kahawa ya kule kwao yalikuja pamoja nayo, na unyoya mmoja wa jogoo ambaye Léontine hakumjua.

Jumapili, baada ya misa, Emery alipita kuwasalimia. Emery ni motari, dereva wa pikipiki, mtoto wa kilima kilekile, na juma lile alikuwa amebahatika kufuata nyuma ya magari ya jeshi mpaka Mahagi na kurudi.

"Mama Vanessa, nilipita kwenu," alisema, hata maji hajanywa. "Kwenu kuko propre kabisa! Sikuona hata jani moja. Kwa majirani nyasi imepanda mpaka kwenye dirisha, na mashamba yao ingine watu wamekwisha kulima, watu siye hatuwajue. Lakini kwenu, hakuna mwenye amekanyaga. Wanazunguka. Wanaogopa mwenyewe."

"Na avoka?"

"Iko na maua."

Léontine alicheka mpaka akashika ubavu. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu Christella azaliwe, na Vanessa alifurahi kukisikia. Kumbe ndivyo ilivyokuwa: kilichoanguka kwao kiliangukia hapa, na alichofagia hapa kilifagiliwa kwao. Alimpa Emery ugali na sombe ya majani ya muhogo, akampakulia tena bila kumuuliza.

Jumatano komite iligawa bashe. Karani wa komite alikuwa Fabien, kijana wa heshima, yeye mwenyewe aliyekimbia, mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa shati. Léontine alikaa kwenye mstari tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika, Fabien alishusha kidole kwenye karatasi mpaka chini, akarudi juu, akashuka tena. Kisha akafungua karatasi nyingine, na hapo kidole kikasimama.

"Mama, jina yako haiko huku. Iko hapa."

"Hiyo ni karatasi ya nani?"

"Ya wenye wamerudi kwao."

"Wamerudi namna gani? Miye niko hapa mbele yako."

"Nakuona, mama. Lakini angalia, imeandikwa: lupango umefagiliwa. Ni alama numero un ya kurudi." Akamweleza kwa upole. Wenye kuhesabu waliokimbia na waliorudi walipita kwa gari kwenye barabara kubwa, askari mbele na nyuma, na hawakuruhusiwa kusimama. Waliangalia kwa dirisha. Penye nyasi waliandika kwamba watu wamekimbia, penye mistari ya ufagio waliandika kwamba wamerudi. "Sasa kule kwenu nani alifagia?"

Léontine hakuzoea kusema uongo. "Ni miye."

"Si umeona?"

"Lakini nilifagia hapa, kwa muzee Zacharie! Majani inaanguka hapa."

Fabien alitazama karatasi pande zote mbili. "Hakuna fasi ya kuandika hiyo," alisema, na alisikitika kweli.

"Haya. Kama nimerudi, munipeleke basi."

"Barabara imefungwa tangu jana, mama. Hakuna mutu anaweza kufika kule."

"Na miye nimefika?"

"Kwa liste, ndiyo."

Watu wa nyuma walianza kusukumana. Fabien aliinuka, akamvuta pembeni, akashusha sauti. Gari la kuhesabu, pamoja na askari wake, lingepita tena tarehe kumi. Bashe tatu zilikuwa zimebaki, angeweza kuficha moja. "Uache kufagia, mama yangu. Siku chache tu. Wakikuta majani imejaa, nitaandika umekimbia tena."

Léontine alirudi nyumbani mikono mitupu, akamweleza binti yake. Vanessa alikuwa anamnyonyesha mtoto chini ya tundu la kwanza, na mwanga wa jua ulipita tunduni ukamwangukia Christella tumboni.

"Mama, acha kufagia," alisema Vanessa. "Nakuomba. Mvua ikiingia humu na hii kikohozi, tutamuzika."

Léontine akausimamisha ufagio nyuma ya mlango.

Siku ya kwanza majani yalifika kwenye vifundo vya miguu. Alipita juu yake akielekea kwenye bomba la kanisa, na kila yalipolia chini ya kandambili alisikia aibu, kama aliyetoka bila nguo. Siku ya pili, juu ya majani palikuwa na vipande vinne vya sigara. Muzee Zacharie, asiyevuta, aliuliza nani ameanza kuvuta katika lupango wake. Léontine akavitazama, akaingia ndani. Siku ya tatu kulikuwa na alama za bote, zile buti nzito. Zilitokea kwenye ukuta wa choo cha Zacharie, upande ambao kwao ndiko barabara iliko, zikatembea juu ya majani zikiyaponda, zikaenda mpaka kwenye kamba ya nguo, zikazunguka pale mara mbili. Zilikuwa za watu watatu.

Siku ya nne, chini ya kamba ya nguo, palikuwa na vipande vya mti vibichi, vyeupe, bado vina maji. Mtu alikuwa amejaribu panga kwenye avoka.

Léontine alikaa chini. Aliogopa, na tusimfichie: aliogopa kuliko hata siku waliyokimbia. Siku ile miguu yake ilikuwa na kazi ya kufanya. Leo Augustin alikuwa amelala pale peke yake, hana wa kumsemea, watu wakimpigia panga juu ya kichwa, na mke wake yuko mjini amekunja mikono kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Akainuka, akachukua ufagio.

"Mama!" Vanessa alitoka mbio. "Tarehe kumi ni kesho! Na bashe?"

"Bashe itapasuka. Ni plastiki."

"Na Christella?"

Léontine alifagia huku machozi yakimshuka, akatoa majani, akatoa sigara, akafuta alama za bote moja moja, akavikusanya vipande vya mti kwenye beseni kama mtu anayeokota maharage. Alimaliza jua likiwa limeinama. Usiku ule Vanessa alilala akiwa amempa mgongo.

Tarehe kumi gari lilipita kule, likakuta lupango safi. Tarehe kumi na moja, saa nane za mchana, mvua ikafika.

Mfereji ulifanya kazi yake vizuri, ukuta haukubomoka, mawe yalishika manjanja. Matundu manne ya lami yalivumilia. Matatu yaliingiza maji kama bomba la kanisa. Muzee Zacharie alileta mwavuli wake mkubwa mweusi wa ualimu, na Vanessa alikaa ndani ya nyumba chini ya mwavuli, mtoto kifuani, mpaka jua linazama. Christella alikohoa, akalala, akaamka akakohoa.

Kulipokucha Léontine alitoka na ufagio. Ardhi ilikuwa laini, na majani machache yalikuwa yamegandamana na matope. Alama za bote zilikuwapo tena. Zilitokea ukutani, jozi tatu kama zile za kwanza, zikaja mpaka mahali ambapo, kabla ya mvua, mistari ya ufagio wake ilianzia. Hapo zilikuwa zimesimama. Kila jozi ilikuwa imekaa mguu kando ya mguu, imezama kidogo, kama watu waliongoja kitambo. Kisha zote ziligeuka, zikarudi zilikotoka.

Léontine aliziangalia. Vanessa alikuja akasimama kando yake na mtoto mgongoni, akaziangalia naye. Kisha aliingia kwa Zacharie, akaazima ufagio wake nyuma ya mlango bila kumuuliza, akatoka, akaanzia upande wa kaburi.

Walikuwa wamefika nusu Fabien alipokuja na daftari la komite kwapani. Alipaswa kukusanya saini za waliorudi, kila mmoja athibitishe kwamba amefika kwake salama. Alipokuta wanafagia hakukanyaga. Naye ni mtoto wa kule, alijua. Alisimama kwenye mwanzo wa mistari, mguu kando ya mguu, akangoja.

"Mutoto iko je?" aliuliza.

"Anakohoa," alisema Vanessa.

"Bashe zimekwisha, mama. Nilijaribu."

"Najua, mwanangu."

Alifungua daftari, akatoa kalamu moja kati ya zile tatu. "Hapa wanauliza kama mumefika vizuri. Niandike nini?"

Léontine alipitisha ufagio kwenye alama ya mwisho ya bote, polepole, mpaka ikafutika.

"Andika: mwenyewe iko."

Fabien akaandika hivyo, kwenye karatasi ya waliorudi, kwa kuwa karatasi nyingine haikuwapo. Upande wa mlimani mawingu yalikuwa yanajikusanya tena, na Vanessa aliacha ufagio, akaingia ndani kuweka sufuria chini ya matundu.