Jinsi Abdulhadi Alivyomnadi Namba Tisa Wetu

Hakuna kazi ya kipuuzi kama umeneja wa timu ya mpira ya wanafunzi, na mimi niliipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa mwaka wa nne wa famasia hapa Guangzhou, mitihani imenikaba koo, lakini kila jioni ungenikuta uwanjani nabembeleza wanaume wazima wavae soksi za rangi moja. Eti kwa sababu Kichina changu ni kizuri. Ukijua lugha ya watu, kila mtu anakugeuza mtumishi wake.

Timu yenyewe ilikuwa ya wanafunzi wa kigeni wa chuo chetu: Watanzania wengi, Wakenya wawili watatu, na Mkongo mmoja wa kugombana na marefa. Mwaka 2005 tulikuwa na wachezaji mpaka wa kugombania benchi. Kufika 2007 walikuwa wanapukutika tu. Kila mwenye kiwanda alikuwa ametajirika na anataka timu ya kujivunia, na kila timu inataka Mwafrika wa kufunga mabao. George ndiye aliyefungua mlango. Aliitwa na kiwanda kimoja cha suruali kule Shahe, akawa analipwa kwa mechi, jezi yake ina picha ya zipu kifuani. Revocatus akaenda Vietnam kwa majaribio ya wiki mbili, na hajarudi mpaka leo. Sikuwalaumu kwa kutafuta riziki. Kilichoniudhi ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeniaga. Walikuwa wanazima simu siku ya mechi, mimi nimesimama pembeni ya uwanja na refa ananiuliza wenzako wako wapi.

Idara ya michezo ya chuo nayo ikachoka. Mwalimu mmoja akaniita ofisini akaniambia waziwazi: Jumamosi mna fainali ya mashindano ya vyuo, na msipotimia kumi na mmoja, timu ya wageni inafutwa na muda wenu wa uwanja inapewa timu ya wanafunzi wa uhandisi. Nikapiga hesabu ya vichwa. Tulikuwa kumi na mmoja kamili, tukimhesabu Vedasto, ambaye goti lake lilikuwa linalia kama bawaba ya mlango. Na tukimhesabu Pandu.

Pandu alikuwa namba tisa wetu, kijana wa Zanzibar anayesomea uhandisi wa nguo. Nje ya uwanja alikuwa mtu wa kusahau funguo, kitambulisho, hata chakula jikoni mpaka bweni zima linajaa moshi. Ukimpa mpira, hasahau kitu. Anajua beki yuko wapi bila kugeuza shingo. Mabao yote yaliyotufikisha fainali yalikuwa yake, na ninakiri kwamba nilimpenda kwa namna meneja anavyompenda mchezaji, yaani kwa kumfokea kuliko wengine.

Alhamisi jioni alinijia bwenini, anajikuna kisogo, akaniita kwa jina langu la mkato.

"Dada Leo, n'saidie. Kesho nakwenda klabuni. Wanataka kunisajili."

"Klabu gani?"

"Ya daraja la pili. Mzee Abdulhadi kanitafutia. Ye ndo wakala wangu."

Nilikaa chini. Abdulhadi nilimjua, nani asiyemjua? Mfanyabiashara wa Dar, anajaza kontena la nguo kwenye bandari ya Huangpu na kulisafirisha nyumbani. Mpira alikuwa anautazama kwenye bonanza za Jumapili, ameshika kuku wa kukaanga. Mwenye duka anayemuuzia suruali za jinzi alikuwa na shemeji pale klabuni, na kwa Abdulhadi hiyo ilitosha kuwa wakala.

"Na Kichina chake?"

"Cha sokoni tu. Ndo maana nakuomba wewe ukatafsiri."

Yaani mchezaji wangu anataka kuondoka siku moja kabla ya fainali, na mimi ndiye niende kumsaidia kuondoka. Nilimwambia maneno mengi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kisha nikaenda, maana niliona bora niwepo kuliko aje kuuzwa kwa dazeni.

Ijumaa mkurugenzi wa klabu, Bwana Liang, alitupokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Alikuwa mtu mtulivu mwenye miwani, amekwisha kumwona Pandu akicheza mara kadhaa. Akaeleza taratibu nami nikatafsiri: mkataba wa mwaka mmoja, mshahara, chumba cha kulala, na kwa kuwa mazoezi ni asubuhi, chuo kilikuwa tayari kumhamishia masomo jioni mpaka amalize. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na mwizi, nikamkuta mtu mwenye akili zake. Pandu alikuwa anatabasamu mpaka masikio yanasogea.

Abdulhadi akatoa kikokotoo mfukoni. Akabonyeza, akakisukuma juu ya meza.

"Laoban," alimwambia mkurugenzi, kama anavyowaita wenye maduka wote, "hii ndiyo bei."

Bwana Liang alikitazama kile kikokotoo kama mtu aliyewekewa kiatu kwenye sahani. Akatikisa kichwa, akasema kwa upole kwamba klabu haiwezi kuongeza zaidi ya hapo. Abdulhadi akacheka, akasema kwa Kichina chake kwamba hiyo ni kidogo, kidogo sana. Kisha akasimama.

"Twende zetu," akatuambia.

Kila aliyewahi kununua mzigo kwenye maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu anaujua mchezo huu. Unaishika nguo, unaikunjia uso, unataja nusu ya bei, unachekwa, unaondoka. Lakini unaondoka polepole, kwa mwendo wa bibi harusi, na kabla hujapita maduka matatu mwenye duka anakuita urudi. Hata mimi koti langu nililinunua hivyo. Lakini ile ilikuwa ofisi, jamani! Nguo zikibaki leo zitauzwa kesho, ila hapa wachezaji wengine walikuwa wamejipanga kwenye benchi la koridoni, viatu vyao kwenye mifuko, wanasubiri zamu.

"Mzee Abdulhadi," nikamnong'oneza, "hapa hawaiti mtu."

"Dokta, wewe soma dawa zako. Biashara niachie mimi. Mwanangu Pandu, usigeuke nyuma. Ukigeuka tu, bei imekufa."

Basi tukatembea. Lifti ilikuwepo lakini Abdulhadi akachagua ngazi, ili eti tumpe laoban nafasi ya kujirudi. Kwenye kila kituo cha ngazi alisimama kutengeneza mkanda wake. Nyuma yetu nikasikia mlango ukifunguliwa, na Abdulhadi akanikonyeza. Kisha nikasikia jina la mtu mwingine likiitwa.

Tulifika getini. Tukasimama juani kama watu walioachwa na basi. Abdulhadi aliangalia simu yake, akaangalia madirisha, akaangalia simu.

"Tulieni. Anajifanya tu."

Tabasamu lilikuwa limemtoka Pandu usoni. Na hapo nikaelewa jambo lililoniudhi kuliko yote ya siku ile: ningeweza kunyamaza tu. Nisingehitaji kusema uongo wala kufanya lolote. Ningenyamaza hapo getini, tungepanda basi kurudi chuoni, na kesho ningekuwa na kumi na mmoja uwanjani. Abdulhadi alikuwa ananifanyia kazi yangu bila kujua.

"Dada Leo," Pandu akaniuliza, "angeita kama anataka kuita?"

Angeweza kumuuliza Abdulhadi. Aliniuliza mimi.

"Hakuiti," nikasema kwa hasira. "Huyu hauzi suruali. Kama unataka, panda juu ukamwambie mwenyewe."

"Ukirudi huko mimi si wakala wako!" Abdulhadi akapaza sauti, lakini Pandu alishazivamia ngazi. Ikanibidi nimfuate, maana Kichina chake kilikuwa cha mgahawani tu, na bila mimi angefika kule juu akaomba wali na yai. Nilipanda nikimlaani yeye, Abdulhadi, na baba yangu aliyenilipia kozi ya lugha.

Tulisubiri mpaka yule mwingine akatoka. Bwana Liang akaturuhusu kuingia. Hakufurahi na hakukasirika. Alichukua karatasi ileile, akakata mstari wa chumba cha kulala, akasema hiyo ndiyo iliyobaki. Ndiyo faida ya mwendo wa bibi harusi. Pandu akasema anakubali, atalala popote, akashika kalamu.

"Jambo moja," akasema Bwana Liang. "Akisaini, kuanzia sasa hachezi mahali pengine. Hata mechi ya chuo. Hata kesho."

Nilitafsiri. Neno la kesho nalo nililitafsiri.

Pandu akaiweka kalamu mezani.

"Mwambie n'tasaini Jumatatu."

Nikamwambia. Bwana Liang akaashiria mlangoni, kwenye lile benchi la vijana, akasema ni leo au basi.

"Sasa fainali, Dada Leo? Mtakuwa kumi. Si walisema watakufutia timu?"

Miezi yote ile ya kumwamsha kwa mazoezi, kumtafutia soksi, kumwandikia maelezo kwa walimu wake! Hakuwahi kukumbuka hata siku moja kwamba kuna timu. Leo, kalamu iko mezani na watu wako kwenye benchi, ndiyo amekumbuka. Macho yalinijaa machozi na nilitamani kumpiga kofi.

"Saini!" nilipiga kelele mpaka mkurugenzi akaruka kwenye kiti. "Saini hapo, Pandu, kabla sijakutoa roho! Timu ni yangu, mimi ndiye nitakayeilia. Saini!"

Akaichukua kalamu. Akainama juu ya karatasi.

Bwana Liang akarekebisha miwani yake, akaniuliza nimesema nini. Nikajifuta uso kwa kiganja, nikamwambia kwa Kichina kizuri kabisa kwamba mchezaji wake yuko tayari.