Nahodha na Sheria ya Mazoezi Mepesi

Liban hakuumia kwenye mechi. Aliumia mazoezini, mchana wa jua kali, wachezaji wakiwa wameitwa uwanjani kwa mara ya pili siku hiyohiyo. Kocha Ogle alikuwa ameagiza wakabane kwa nguvu zote kama siku ya mchezo, na mwenzao mmoja aliyekuwa hoi, miguu haimtii tena, akamwangukia Liban gotini. Keynan, nahodha na beki wa kati, ndiye aliyembeba mpaka garini. Ndiye pia aliyekaa naye hospitalini hadi daktari alipowaambia kwamba atatembea, inshallah, lakini soka la kulipwa limefika mwisho.

Tangu siku hiyo Keynan akajifunga kibwebwe.

Tana Nyota ilikuwa timu pekee ya Garissa katika ligi yao, na wachezaji wake hawakuzoea kusikilizwa Nairobi. Keynan alikwenda hivyohivyo. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, mwenye tabia ya kurudia jambo lilelile kwa sauti ileile mpaka anayemkatalia achoke. Aliwatafuta manahodha wenzake, akakaa vikao na viongozi wa ligi, akarudishwa, akarudi tena. Msimu mzima ukapita. Mwishowe ligi ikapitisha sheria: mazoezi ya kugongana yawe siku moja tu kwa wiki, pasiwe na kuitwa uwanjani mara mbili kwa siku, na siku inayofuata mechi iwe ya mapumziko.

Wenzake walimpokea kana kwamba amerudi na mvua. Kocha Ogle alimvuta Keynan kando akamwambia kwamba mwili haulindwi kwa kulazwa, na kwamba yeye alicheza miaka yake yote bila kubembelezwa na mtu.

"Mmetaka wepesi," alisema. "Nitawapa wepesi."

Majuma ya kwanza yalikuwa matamu. Walifika uwanjani asubuhi, wakapasiana mpira, wakazunguka kiwanja mbio za polepole, za kuongea, wakarudi nyumbani kabla jua halijachachamaa. Hakuna aliyechechemea. Keynan alilala usingizi mzuri, akiamini kazi imekwisha.

Kisha mechi zikaanza. Katika mechi ya kwanza Hared, winga wao mwenye mbio kuliko wote, alitumiwa mpira mrefu, akaufukuza, na ghafla akashika nyuma ya paja akaanguka. Hakuna aliyemgusa, hata beki wa karibu zaidi alikuwa mbali naye. Mechi ya pili msuli wa paja ukamchanika Abdihafid, mshambuliaji. Mechi ya tatu kiungo akatolewa nje ameshika kinena. Wote waliumia wakikimbia.

Maneno hayakukawia. Wachezaji walewale waliompokea kwa shangwe sasa walinong'ona kwamba nahodha amewalegeza. Mzee Gabow, baba yake Hared, mfanyabiashara wa ng'ombe, alimsubiri nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Hakumgombeza. Alimsalimu, akamwulizia hali ya mama yake, ndipo akasema, "Mwanangu, nilisikia redioni ukisema sheria hii itawalinda. Hared amelala nyumbani. Nieleze imemlinda na nini."

Keynan alimwambia mzee kwamba hajui, lakini atajua. Gabow akamshika bega, akaenda zake.

Jumatatu yake Ogle alimwita. Alitaka nahodha awaambie viongozi wa ligi kwamba wachezaji wenyewe wanaomba sheria iondolewe. Neno la Keynan lingetosha, kwa kuwa ndiye aliyeipigania. Keynan aliomba muda wa kufikiri. Kesho yake alisafiri kwenda kambi ya wakimbizi ya Dagahaley.

Liban alikuwa amerudi kambini kwa mama yake, mahali alipokulia, na sasa alikuwa na kiduka cha simu na vifaa vyake karibu na kituo cha kugawia chakula. Alimtengenezea Keynan chai ya maziwa, akamsikiliza mpaka mwisho. Keynan alikuwa amejiandaa kusema kwamba hatakubali kamwe kurudi kwenye mazoezi yaliyomvunja rafiki yake. Liban akamkatiza.

"Walaal, ndugu yangu, usinipiganie mimi. Goti langu limekwisha. Kama sheria yako inamwumiza Hared, iache. Kama haimwumizi, thibitisha. Lakini usiishike kwa sababu yangu."

Maneno hayo yalimchoma Keynan, kwa sababu yalikuwa kweli. Alikuwa ameishika ile sheria kama mtu anavyoshika deni la damu. Njia nzima ya kurudi Garissa aliyatafakari, na alipoliona daraja la Tana alikuwa ameamua: hatatafuta ushindi juu ya Ogle, atatafuta kinachowaumiza watu.

Alianza kwa Sahra, mtaalamu wa tiba ya viungo wa timu, mwanamke aliyependa kuulizwa swali moja kwa wakati. Keynan alimwuliza lake: je, sheria hii inaumiza watu?

"Sijui," Sahra alisema. "Nikikujibu leo nitakupa maoni, na maoni tunayo ya kutosha. Yako tunayo, ya kocha tunayo. Tuwaulize walioumia, tena tuulize timu nyingine."

Wakagawana kazi. Sahra alizungumza na majeruhi mmoja mmoja. Keynan akawapigia simu manahodha wenzake. Majibu yaliyokuja hayakumfurahisha yeye wala yasingemfurahisha Ogle. Timu nyingine zilikuwa zinaumia kama wao. Nyingine zilikuwa nzima kuliko miaka yote, nazo zilikuwa chini ya sheria ileile. Nahodha wa timu moja ya Pwani alishangaa kuulizwa. Alieleza kwamba wao wamepunguza kukwatuana tu. Mbio hawajazigusa. Katikati ya wiki kocha wao huwakimbiza kasi ya mechi, mara chache, kisha huwapumzisha, na kila juma huongeza kidogo.

Keynan alikata simu, akayapitia mazoezi yao moja moja. Tana Nyota hawakuwa wamekimbia kasi ya mechi mazoezini tangu sheria ianze. Hared alikuwa ametoka kwenye mbio za kuongea moja kwa moja hadi mbio za roho mkononi. Sheria ilikataza kugongana; haikukataza kukimbia. Ogle ndiye aliyeondoa vyote kwa hasira, na yeye Keynan, nahodha, alikuwa ameiona raha ikija akainyamazia.

Alimkuta kocha uwanjani baada ya alasiri, peke yake, akikusanya mipira. Alimweleza yote waliyoyapata, bila kuficha sehemu yake mwenyewe.

"Maalim, umetupa wepesi ambao sheria haikuuomba," alimaliza. "Nasi tuliupokea kwa sababu ulikuwa mtamu."

Ogle aliendelea kutia mipira kwenye wavu. Keynan alidhani atafukuzwa. Badala yake kocha alikaa kwenye benchi, akainyoosha miguu yake polepole, kwa namna ya mtu ambaye magoti humsumbua kila jioni. Alisema kwamba alifundishwa hivyo, na waliomfundisha walifundishwa hivyo. Kisha akasema lile lililokuwa moyoni.

"Nikikubali leo, watu watasema nilikuwa nawavunja vijana miaka yote hii."

"Watasema," Keynan alijibu. "Na mimi watasema nimewavunja mwaka huu. Tuyabebe sote wawili, Maalim. Lakini Jumamosi watu waingie uwanjani wakiwa tayari."

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijapanda, wachezaji walimkuta amesimama na Sahra kando yake na koni zimepangwa kwenye nyasi.

Haikuwa rahisi. Walipasha miili moto muda mrefu, wakanyoosha misuli ya mapaja mpaka wengine wakalalamika, ndipo wakakimbia kasi yote, umbali mfupi, wakapumzika, wakakimbia tena. Siku moja kwa wiki waligongana kweli. Siku nyingine aliyemkwatua mwenzake alitolewa nje. Mara mbili tatu Ogle alisahau akapaza sauti akitaka wakabane, Sahra akamtazama, naye akapuliza filimbi kuwasimamisha. Wachezaji waliokuwa wakimnung'unikia Keynan sasa walimnung'unikia kwa sababu amewachosha. Hilo aliliona afadhali.

Hared alirudi mwishoni mwa mzunguko wa kwanza. Majeruhi hawakuisha; beki mmoja alivunjika mfupa wa bega katika mgongano wa haki kabisa, jambo ambalo hakuna mazoezi yangelizuia, na Sahra aliwaambia hivyo wote ili asiwepo wa kujidanganya. Lakini ile misuli iliyokuwa ikichanika yenyewe ilitulia. Keynan aliwapelekea viongozi wa ligi ombi jingine: sheria ibaki, ila iongezwe sharti la kuwaandaa wachezaji kwa kasi ya mechi. Walimwambia watalijadili. Aliwajibu kwamba atakuja tena mwezi ujao.

Mechi dhidi ya vinara wa ligi ilichezwa Garissa, na Mzee Gabow alikuwa jukwaani. Zikiwa zimebaki dakika chache, timu zikiwa sare, Keynan aliupora mpira langoni kwake akaupiga mrefu upande wa kulia. Hared akaondoka. Keynan alisimama palepale alipopigia, hatazami mpira, anatazama mapaja ya yule kijana. Hared alimpita beki, akafika mwisho wa uwanja, akaukata mpira katikati, na mchezaji mwenzake akakosa bao kwa unywele. Mechi ikaisha sare.

Jioni hiyo Ogle aliulizwa na mtangazaji wa redio kama mazoezi mepesi ndiyo yaliyoiokoa timu yake. Alifikiri kidogo, akasema kwamba wepesi uliwahi kuwaumiza, na uzito pia uliwahi kuwaumiza, na kwamba aliyechelewa kujifunza hilo ni yeye. Keynan alikuwa amesimama nyuma yake, barafu imefungwa kwenye kifundo cha mguu. Alimwuliza Sahra mazoezi ya keshokutwa yanaanza saa ngapi.