Kitendawili Kilichonyimwa Mji

Bibi Kwamboka alikuwa ghorofa ya juu ya basi, anatoka Erdington, huko Birmingham, kununua sufuria ya kupeleka nyumbani Keroka, aliposikia mtu akipiga kelele kwa sauti yake. Si sauti ya kufanana na yake, la. Yake yenyewe, ile ya kuitia ng'ombe jioni, ilikuwa inatoka kwenye simu ya kijana aliyevaa skafu ya kijani.

"Kitendawili!" simu ikasema.

"TEGA!" likajibu basi zima.

Sufuria ilimtoka mkononi. Walioitika walikuwa wanafunzi, mama aliyepakata mtoto, mzee mzungu mwenye fimbo, na nadhani hata dereva kule chini. Kisha gitaa likaingia kama mabati yanayoanguka kutoka kwenye lori, ngoma zikafuata, na watu wakaanza kuruka vitini wakiimba "ng'ombe wangu, ng'ombe wangu," kila mmoja akimtamka ng'ombe kivyake.

Alipofika Bordesley Green, kwa bintiye Charity, hakuvua hata koti.

"Charity! Kwa nini niko ndani ya basi?"

Charity, muuguzi, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Mama, nilitaka kukwambia. Nikaogopa utakasirika."

Mambo yalianza hivi. Jumamosi moja, mwanzoni mwa ziara yake, Bibi Kwamboka alipeleka chapati Tyseley, kwenye gereji ya Gurmeet. Gurmeet ni Kalasinga wa Kisumu, Kiswahili anakijua mpaka matusi yake. Siku za kazi hutengeneza magari. Jumamosi huyasukuma pembeni, akakaa kwenye ngoma. Charity hupiga besi na kuimba, na Hugues, Mkongo wa Bukavu, hupiga gitaa la umeme kwa spika iliyopasuka ambayo anakataa kuitengeneza.

Bibi alilitazama lile gitaa likilia, kitendawili kikamjia palepale. Akakitega:

"Ng'ombe wangu hali nyasi, ukimkuna tumbo, analia mpaka mtaa wa pili!"

Ni gitaa, si kingine, na lilikuwa kifuani pa Hugues. Lakini wale watatu waliwaza, wakataja honi, wakataja jenereta, wakataja mke wa Gurmeet, wakashindwa. Bibi akasema, "Basi nipeni mji!" Hapo Hugues, ambaye muda wote alikuwa anarekodi, akazima kinasa sauti, na wote wakakimbilia chapati.

Sauti ile ndiyo wakaifanya wimbo. Mtangazaji wa Bordesley Wanawake, timu ndogo ya soka, aliupiga uwanjani siku moja kwa kujaribu tu. Timu ikashinda. Akaupiga tena, ikashinda tena. Ukatoka hapo ukaingia kwenye kriketi, ukaingia kwenye raga, ukafika mpaka kwa mashabiki wa zile timu mbili kubwa za jiji, watu ambao hawaazimani hata kiberiti. Sasa Birmingham nzima iliimba.

"Nimekasirika, ndiyo," Bibi alisema, "lakini si kwa kuimbwa. Kuimbwa ni kutamu. Ninyi mlishindwa, na mji hamkunipa! Na hawa wote wanaitika tega, tega, hakuna anayetegua, hakuna anayetoa mji. Jumatatu napanda ndege. Niondoke nikiacha kitendawili kinaning'inia kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba?"

"Mama, ni wimbo tu."

"Wimbo ni wenu. Kitendawili ni changu."

Charity akakuna kichwa. Kumbe Jumapili kulikuwa na mechi ya mwisho ya msimu, na bendi ilialikwa ipige kabla ya mpira kuanza. Mtangazaji alikuwa ameomba kama yule mama mwenye sauti anaweza kuja.

"Lakini useme 'kitendawili' tu, Mama, halafu utoke. Watu wa mpira wakichoshwa wanazomea, na wewe sitaki kukuona ukizomewa, nitalia mbele ya watu. Mambo ya kupeana miji hawayajui. Niahidi."

Bibi alikohoa, na Charity akadhani hiyo ndiyo ahadi.

Jumapili uwanja ulifurika. Bibi Kwamboka alisimama katikati ya nyasi na skafu ya kijani juu ya sweta mbili, mpira umewekwa tayari karibu na viatu vyake, nyuma yake bintiye na besi, Hugues na ng'ombe wake, Gurmeet na kilemba cha kijani kibichi. Mtangazaji, mwanamume mnene aitwaye Asif, akampa maikrofoni.

"Kitendawili!"

"TEGAAA!"

Jamani! Ile "tega" ilimwingia miguuni ikapanda mpaka kwenye meno ya bandia. Akakitega chote, ng'ombe na tumbo lake. Hugues akainua mkono aanze kupiga.

"Wewe, ngoja!" Bibi akamkemea kwenye maikrofoni. "Mara hii huzimi kitu!"

"Mama," Charity akanong'ona, "Mama, tafadhali."

Bibi akawageukia watu. "Mmeshindwa? Basi nipeni mji!"

Watu wakatazamana, hawajui wanadaiwa nini. Upande wa kule mtu mmoja akapiga mluzi, wa pili akafuata, na Bibi akaona uso wa bintiye umekuwa kama majivu. Ni hivi basi wanavyoanza kuzomea?

Gurmeet akaruka kutoka kwenye ngoma, akanyakua maikrofoni, akawaeleza kwa Kiingereza chao cha Birmingham: mama katega, ninyi mmeshindwa, kwa hiyo mnamlipa mji, na msipomlipa jibu hamlipati, si leo si kesho, kwa sababu mama anaondoka.

Mluzi ukakoma. Kisha sauti moja kutoka juu: "London!"

"London siendi," Bibi akasema. "Hawasalimiani."

Gurmeet akatafsiri. Uwanja ulilipuka kwa kicheko.

"Paris!"

"Non, non, Mama, kataa!" Hugues akadakia. "Mkate tu kule!"

"Siendi!"

"Coventry!" wakapaza mashabiki wageni kutoka kona yao.

"Nirukishwe ndege kutoka Keroka nije Coventry? Siendi! Nipeni mji mzuri. Mnao, mnaubania!"

Wakaelewa. Ikaanza nyuma ya goli, ikazunguka, watu wakisimama safu kwa safu, wenye skafu za timu kubwa zote mbili wameshikana mabega: "BIRMINGHAM! BIRMINGHAM!"

"Huo nauchukua!" Bibi akanyanyua mikono. "Nimekwenda Birmingham, wakanipokea! Nikanyeshewa, nikakauka, nikanyeshewa tena! Nikala kari ya Gurmeet, nikalia machozi! Sasa mji ni wangu, nasema kila mtu amsalimie jirani yake! Na ng'ombe wangu ni GITAA!"

Hugues akalikuna tumbo. Kelele zilizofuata sijui nizifananishe na nini. Watu walijipiga paji la uso, gitaa, gitaa, tulikuwa tunalisikia kila siku! Charity aliacha besi, akamkumbatia mamake akilia na kucheka pamoja.

Wimbo ulipokwisha, refa alikuwa anaonyesha saa yake. Lakini Asif mtangazaji hakutaka kuondoka.

"Kitendawili!" akamwambia Bibi, kwa matamshi ya ajabu.

Bibi akashtuka. "Tega, mwanangu."

Gurmeet akatafsiri: "Ishirini na wawili wanamkimbiza mmoja, wakimpata, wanampiga teke."

Bibi aliwaza haraka, kichwa kikizunguka kwa furaha. "Mwizi wa kuku!"

"Sivyo!"

"Mgombea ubunge!"

"Sivyo!"

Asif akainama, akauokota mpira uliokuwa miguuni pa Bibi. Uwanja ukaangua kicheko, naye Bibi akajipiga kofi pajani kwa nguvu. "Mji!" wakadai wote. "Mji! Mji!"

Sheria ni sheria. Bibi Kwamboka akaitazama Birmingham yake, ambayo hata haijamkaa vizuri mkononi, akaona hawezi kuiachia.

"Nawapa Keroka!" akasema. "Ukifika stendi uliza kwangu, utapewa ndizi na chai. Lakini uje na salamu!"

Mchezaji wa kwanza akapiga mpira, na maelfu ya watu wa Birmingham, wengi wao hawajui hata Keroka iko upande gani wa dunia, wakaanza kuimba wakipiga makofi: "KE-RO-KA! KE-RO-KA!"